Memori kadi ya kinasa sauti: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Ukishuka kutoka Tukuyu na kuipita njia panda ya Ibanda, barabara ya lami inakufikisha Kasumulu, mwisho wa Tanzania. Mbele yako ni Mto Songwe na daraja lake, ng'ambo ni Malawi. Hapa shilingi na kwacha hubadilishana mikono siku nzima. Mchele wa Kyela, sabuni, vitenge, betri na vifaa vya simu hupangwa meza moja baada ya nyingine.

Katika meza hizo hukosi kuona vijikadi vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ni memori kadi, au kadi za kumbukumbu. Wengi huzinunua kwa ajili ya nyimbo kwenye simu. Lakini wapo pia makatibu wa vyama vya ushirika, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, walimu wa kwaya na watayarishaji wa vipindi vya redio, ambao huzinunua kwa ajili ya kinasa sauti cha kidijitali.

Hao ndio makala haya yanawalenga. Kwa mwenye simu, kadi mbovu ina maana ya kupoteza nyimbo ambazo atazipata tena kesho. Kwa mwenye kinasa sauti, ina maana ya kupoteza maneno ambayo hayatasemwa tena.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo kwa gharama. Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 16 kwa bei iliyonifurahisha, nikarekodi vikao vitatu vya wakulima wa kakao, kila kimoja saa moja na nusu. Vikao viwili vya kwanza vilisikika vizuri. Cha tatu, ambacho ndicho kilichokuwa na mjadala mkali wa makato, faili lake lilionekana, jina na tarehe yake vilionekana, hata urefu wake wa dakika 90 ulionekana. Nilipolifungua hapakuwa na sauti hata ya kikohozi.

Kinasa kilikuwa kizima na betri ilikuwa na chaji. Tatizo lilikuwa kadi.

Kwa nini mkulima arekodi?

Kakao ya Tanzania kwa sehemu kubwa inatoka mkoani Mbeya, katika Kyela, Rungwe na Busokelo. Mkulima anaipeleka kwenye chama chake cha msingi, yaani AMCOS, na inauzwa kwa mnada. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 za Marekani kwa tani, kisha mwaka 2025 ikashuka sana. Bei inapopanda na kushuka namna hiyo, maneno ya kwenye kikao huwa na thamani ya fedha. Nani alisema malipo yatatoka lini? Makato yalikubaliwa kuwa kiasi gani kwa kilo?

Muhtasari wa maandishi ndio kumbukumbu rasmi ya kikao na utabaki kuwa hivyo. Lakini katibu anayeandika kwa mkono hawezi kukamata kila neno, na wajumbe wakibishana baadaye, sauti iliyorekodiwa humaliza ubishi mapema kabla haujawa uhasama.

Kuna matumizi mengine pia. Mradi wa utafiti wa redio za wakulima uliofanyika kati ya mwaka 2007 na 2010 katika nchi tano za Afrika, Tanzania na Malawi zikiwemo, ulijengwa juu ya jambo hilohilo: sauti ya mkulima mwenyewe isikike hewani, asisemewe na mtaalamu peke yake. Kikundi chenye kinasa sauti kinaweza kuhifadhi maelezo ya bwana shamba na kuyarudia shambani. Kwaya inaweza kusikia mazoezi yake. Wajukuu wanaweza kubaki na sauti ya babu akieleza kwa Kinyakyusa namna mashamba ya mpunga yalivyolimwa zamani.

Yote hayo yanategemea kile kijikadi. Basi kichaguliwe vipi?

Kwanza, kijue kinasa chako

Kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kuuliza, "Kubwa zaidi mnayo ya GB ngapi?" Swali sahihi ni, "Kinasa changu kinapokea kadi gani, na mwisho wake GB ngapi?"

Kadi za aina ya SD zilianza mwaka 1999. Zipo za umbo kubwa, sawa na stempu ya posta, na zipo ndogo ziitwazo microSD. Kwa kawaida utakutana na makundi matatu ambayo alama zake zimechapwa usoni mwa kadi.

Kundi la kwanza limeandikwa SD peke yake, na mwisho wake wa kawaida ni GB 2. La pili ni SDHC, lililoanza mwaka 2006, ambalo linazidi GB 2 hadi kufikia GB 32. La tatu ni SDXC, lililoanza mwaka 2009, ambalo huanzia juu ya GB 32.

Kwa macho zinafanana na zinaingia kwenye tundu lilelile. Lakini kuingia si kusomeka. Kinasa cha zamani kilichotengenezwa kabla ya SDHC kinaweza kukataa kadi ya GB 4, hata iwe mpya na halisi. Vinasa vingi vinavyotembea mikononi mwa watu, kama Zoom H1 ya mwaka 2010 au Sony ICD-PX470, vinapokea microSD za kawaida na SDHC hadi GB 32. Mwenye kinasa cha aina hiyo akinunua kadi ya GB 64 ananunua matatizo. Kinaweza kuikataa papo hapo, au kikaipokea leo na kuisumbua kesho.

Kwa hiyo, kabla hujafungua pochi, soma kijitabu kilichokuja na kinasa. Kama kimepotea, tazama jina na namba ya kinasa mgongoni kwake, kisha mwombe kijana mwenye intaneti akutafutie. Baadhi ya vinasa huja na kadi yake ya GB 2 ndani ya boksi. Usiitupe wala kuigawa. Hiyo ni kadi unayoweza kuiamini, iweke iwe akiba.

Jambo lingine ni umbo. Kama kinasa chako kina tundu la kadi kubwa, nunua kadi kubwa. Kutia microSD ndani ya kava lake la kubadilisha umbo kunawezekana, lakini kava hilo likilegea, kurekodi kunaweza kukatika katikati ya kikao. Kila kiungo kinachoongezwa ni mahali pengine pa kuharibika.

Pili, piga hesabu ya saa

Mfanyabiashara hanunui magunia kabla ya kujua ana debe ngapi za mpunga. Vivyo hivyo, usinunue GB kabla ya kujua unataka kurekodi saa ngapi.

Vinasa vingi vinakuruhusu kuchagua namna mbili za kuhifadhi sauti. Ya kwanza ni WAV, ambayo haibani sauti na inafaa kwa kwaya, ngoma na kazi ya redio. Ya pili ni MP3, ambayo inaibana sauti ili ichukue nafasi ndogo, na inatosha kabisa kwa vikao na mazungumzo.

Hesabu kwa saa moja ya kurekodi ni hii:

MP3 ya 64 kbps inachukua takriban MB 29.
MP3 ya 128 kbps inachukua takriban MB 58.
WAV ya 44.1 kHz, biti 16, njia mbili, inachukua takriban MB 635.
WAV ya 48 kHz, biti 24, njia mbili, inazidi kidogo GB 1.

Namba hizo za kbps, kHz na biti utaziona kwenye menyu ya kinasa chako unapochagua namna ya kurekodi.

Sasa linganisha. Kadi ya GB 2 inabeba saa 34 za kikao kwa MP3 ya 128, lakini kwa WAV ya kawaida inabeba saa tatu tu na dakika chache. Kadi ya GB 8 inabeba saa 12 za WAV. Kadi ya GB 32 inabeba saa 50 za WAV, au zaidi ya saa 550 za MP3 ya 128.

Hapo utaona kwamba katibu wa AMCOS anayerekodi kikao cha saa nne mara moja kwa mwezi hana haja ya GB 32. Kadi ya GB 4 au GB 8 inamtosha na kubaki. Mwalimu wa kwaya anayerekodi kwa WAV anaweza kufikiria GB 16.

Na ni afadhali kadi mbili ndogo kuliko moja kubwa. Mkulima mzoefu hapandi mbegu yake yote siku moja akitegemea mvua ya kwanza. Kadi moja ikipotea au ikiharibika, nyingine inabaki na nusu ya kazi yako.

Kasi isikutishe

Usoni mwa kadi utaona namba ndani ya duara: 2, 4, 6 au 10. Hiyo ni daraja la kasi, yaani kadi inaahidi kuandika angalau MB 2, 4, 6 au 10 kwa sekunde. Wauzaji hupandisha bei kwa kasi kubwa zaidi ya hapo.

Kasi hiyo ni muhimu kwa mwenye kamera ya video. Sauti ni nyepesi. WAV ya kawaida ya njia mbili haifiki hata MB 0.2 kwa sekunde, kwa hiyo kadi halisi ya daraja la 4 inaimudu bila kuhema. Fedha unayotaka kuongeza kwa ajili ya kasi, iongeze kwa ajili ya uhalisi wa kadi.

Tatu, jihadhari na kadi feki

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na ndipo mwandishi alipoumia.

Fikiria ghala la mazao lenye nafasi ya magunia 200. Mtunza ghala asiye mwaminifu anabandika kibao mlangoni: "Magunia 1,600." Wakulima wanaleta mzigo, naye anaandika stakabadhi kwa kila gunia. Magunia 200 ya kwanza yanakaa ndani salama. Yanayofuata anayatupa mlango wa nyuma, huku akiendelea kuandika stakabadhi kwa mwandiko mzuri. Mkulima anaondoka na karatasi mkononi akijua mali ipo. Siku ya kuichukua ndipo anapojua alikuwa ameshika karatasi tupu.

Kadi feki inafanya kazi hivyohivyo. Ndani yake mna nafasi ya GB 2, lakini imechezewa ili ikiulizwa na kinasa au kompyuta ijibu kuwa ina GB 16. Kinasa kinaamini na kuendelea kuandika. Nafasi ya kweli ikijaa, sauti mpya inapotea, au katika baadhi ya kadi inafuta ya zamani. Majina ya mafaili yanabaki kama zile stakabadhi, wakati mali haipo.

Kwa sababu hiyo, kuitia kadi kwenye simu na kusoma "GB 16" si kipimo. Kusema uongo kuhusu nafasi ndiyo kazi ya kadi feki.

Hata hivyo, usimlaumu muuzaji ukiona upungufu mdogo. Kadi halisi ya GB 32 huonekana kwenye kompyuta kama GB 29 na ushee, na ya GB 8 kama GB 7.4 hivi. Watengenezaji na kompyuta wanahesabu gigabaiti kwa namna mbili tofauti. Huo si wizi.

Dalili za nje zinasaidia kidogo: maandishi yaliyofifia au kukosewa herufi, pakiti isiyo na namba ya toleo, na bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine yote. Lakini wenye kughushi siku hizi wanachapa vizuri, na pakiti nzuri si ushahidi.

Ijaze kabla ya kuiamini

Kipimo cha kweli ni kimoja: ijaze kadi yote, kisha uisome yote.

Kwenye kompyuta ya Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw. Inaijaza kadi kwa mafaili ya majaribio, kisha inayasoma tena moja baada ya jingine. Kadi ikiwa nzima itakuambia imemaliza bila kosa. Ikiwa feki itakutajia kiasi gani ni kizima na kiasi gani kimepotea. Kwa kompyuta za Linux na Mac ipo F3. Jaribio la GB 32 linaweza kuchukua saa moja au zaidi, basi lifanye kwenye duka la huduma za kompyuta ukiwa na shughuli nyingine mjini. Hakikisha kadi haina kitu unachokihitaji kabla ya kuanza.

Huna kompyuta? Tumia simu yenye tundu la kadi. Nakili video na nyimbo kwenye kadi hadi iseme imejaa. Itoe, irudishe, kisha cheza faili la kwanza, la katikati na la mwisho. Yakicheza yote, una sababu ya kuiamini. Likigoma la mwisho au la kwanza, irudishe ulikoinunua.

Hapa pana neno la kibiashara. Kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji kwamba kadi ikishindwa jaribio ndani ya siku mbili au tatu ataipokea na kurudisha fedha au kukubadilishia. Muuzaji mwenye uhakika na mzigo wake hatakataa. Dai risiti, hata kwa kitu kidogo kama hiki. Na usinunue kadi asubuhi ya siku ya kikao. Inunue wiki moja kabla.

Tuseme kadi feki inauzwa Sh 6,000 na halisi Sh 15,000. Umeokoa Sh 9,000. Sasa hesabu nauli ya wajumbe 30, chai yao, siku moja ya kazi waliyoiacha shambani, na ugomvi wa makato ambao ungemalizwa na sauti iliyopotea. Rahisi inakuwa ghali.

Kwa mfanyabiashara mwenyewe

Ndugu mwenye meza ya vifaa vya simu, nawe yanakuhusu. Bidhaa za kughushi zinakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia suala hilo. Mzigo ukikamatwa, aliyekuuzia kwa jumla hatakuwepo kukutetea.

Ukienda kununua kwa jumla, usichukue kadi 100 kwa siku ya kwanza. Chukua tano, zijaze, zisome, kisha rudi. Mzigo wako ukiwa wa kweli, tangaza hivyo mezani: "Kadi imejaribiwa, ikishindwa irudishe." Mpakani watu hupita mara nyingi, na mteja aliyepata kitu cha kweli Kasumulu ataleta mwenzake kutoka Karonga.

Nne, matunzo

Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini, na joto la ufukweni mwa Ziwa Nyasa halihitaji maelezo. Kadi yenyewe ni ngumu kiasi, lakini miguu yake hushika unyevu na vumbi. Ihifadhi kwenye kikasha chake cha plastiki, na usiitie mfukoni pamoja na sarafu.

Kadi mpya ifomati ndani ya kinasa chenyewe kabla ya kuitumia mara ya kwanza. Kumbuka kuwa kufomati kunafuta kila kitu. Usiitoe kadi wakati kinasa kinaandika. Weka betri mpya kabla ya kikao kirefu, kwa sababu kinasa kikizimika ghafla faili linaweza kubaki halijafungwa. Kadi kubwa za SD zina kitufe kidogo ubavuni cha kuzuia kufuta; ukikisukuma baada ya kikao, hakuna atakayerekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Rekebisha tarehe na saa ya kinasa, maana faili linachukua tarehe hiyo. Siku hiyohiyo nakili sauti kwenye kompyuta, na nakala nyingine kwenye flashi inayokaa nyumba tofauti. Usifute ya kwenye kadi hadi umesikiliza nakala zote mbili.

Na ikitokea umefuta kwa makosa, acha kurekodi papo hapo. Usiongeze hata sekunde moja. Mpelekee fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili kama PhotoRec, ambayo ni ya bure. Mara nyingi kilichofutwa bado kipo hadi kiandikwe juu yake kitu kingine. Kilichomezwa na kadi feki hakirudishwi na fundi yeyote.

Ruhusa na sheria

Kurekodi watu kwa siri huvunja imani, na kunaweza kukuingiza matatani, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Weka kinasa mezani kionekane, omba idhini mwanzoni mwa kikao, na idhini hiyo yenyewe irekodiwe na kuandikwa katika muhtasari.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Lakini uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Ndiyo maana faili la asili lisikatwe wala kuunganishwa. Ukitaka kukata kipande, kata kwenye nakala.

Kwa muhtasari, ndugu msomaji: jua kinasa chako kinapokea kadi gani, hesabu saa zako, nunua GB zinazotosha, ijaze kadi kabla ya kuiamini, na nakili mapema. Mkulima wa Kyela hakubali gunia lake lipimwe kwa mizani asiyoiona. Kadi itakayobeba sauti ya kikao chake nayo ipimwe mbele ya macho yake.